Reli ya mezani: kutandika njia na kufunga waya za treni ndogo nyumbani

Treni ya mezani ikigoma, mara nyingi kichwa hakina kosa. Kosa liko chini ya ubao: waya mwembamba kupita kiasi, au umeme ulioachwa upenye kwenye fishipleti saba (vibati vya kuungia reli) kabla haujaifikia treni. Maelekezo haya ni ya ubao mmoja wa futi 8 kwa 4, reli ya kipimo cha HO, pointi nne (sehemu za kuhamishia treni kutoka njia moja hadi nyingine), na uendeshaji wa DCC, yaani wa amri za kidijitali. Mchoro wa njia unaweza kuubadili upendavyo. Kanuni za waya usiziguse.

Kipimo

HO ni 1:87, na upana wa reli zake ni mm 16.5. Zidisha 16.5 kwa 87 unapata milimita 1,435 na nukta, yaani upana wa SGR ya Kenya na ya Tanzania. Anayetaka SGR mezani kwake basi hana mgogoro na HO. Ya Kenya inavutwa na dizeli, kwa hiyo huhitaji hata nguzo za umeme. Ya Tanzania ina nyaya za juu za kilovolti 25, na kuzitengeneza nguzo zake kwa kipimo hiki ni kazi ya jioni nyingi. Ziache mpaka treni itembee kwanza.

Anayependa reli ya zamani, ile ya mita moja ya Mombasa–Kampala au Reli ya Kati, atakutana na hesabu nyingine. Mita moja ikigawanywa kwa 87 ni mm 11.5, na reli iliyo karibu nayo madukani ni ya mm 12, iitwayo HOm. TAZARA yenye mm 1,067 inaangukia 12.3, karibu zaidi. Ila vifaa vya HOm vingi vimetengenezwa kwa ajili ya reli za milimani za Uswisi na bei zake ni za huko huko. Kwa ubao wa kwanza tumia 16.5 na ufumbe jicho moja. Waingereza nao wana OO, kipimo cha 1:76 kinachopita kwenye reli hizo hizo za mm 16.5, kwa hiyo kichwa cha OO alichokuletea ndugu kutoka London kitatembea, ila kitaonekana kinono kando ya mabehewa ya HO.

Tahadhari moja kabla ya kuchomeka chochote: seti iliyonunuliwa Marekani mara nyingi huja na transfoma ya volti 120. Ukiichomeka kwenye volti 230 au 240 za kwetu inaungua kwa sekunde chache. Soma kibandiko. Kikisema 100–240 V, tafuta plagi tu. Kikisema 120 V, weka adapta kando na utafute nyingine yenye volti na ampea za upande wa kutoa zilezile.

Ubao na fremu

Chukua plaiwudi ya mm 12 na mbao nne za 2 kwa 1 zenye urefu wa futi 12. Mbao mbili za kwanza, kila moja ikate sm 244 na sm 117. Mbili zilizobaki zikate sm 117 mara tatu kila moja. Una vipande viwili virefu na vinane vifupi. Saba vinaingia kwenye fremu, kimoja kila baada ya sm 40 hivi, na cha nane ni akiba ya siku msumeno ulipokwenda kombo. Mbao zisimame kwa ubavu, si kwa ubapa, maana zikilala zinapinda katikati kama kitanda cha kamba. Kabla ya kuunga, toboa kila kipande kifupi matundu mawili ya mm 25 katikati ya upana wake. Nyaya zitapita humo. Ukisahau utatoboa ukiwa umelala chali chini ya meza, vumbi la mbao likikuingia machoni.

Mbao ziwe kavu. Ukinunua mbichi, zilaze ndani ya nyumba wiki mbili tatu zikiwa zimepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite. Plaiwudi ipake rangi pande zote mbili na kwenye kingo. Ikipakwa juu tu, upande wa chini unanywa unyevu peke yake na ubao unajikunja, hasa Mombasa, Tanga au Unguja ambako hewa haikauki. Unga kwa gundi ya mbao na skrubu za inchi moja na nusu, kagua pembe kwa skwea, kisha weka pima maji juu pande zote mbili.

Ubao wa futi nne upana hauwezi kusukumwa ukutani moja kwa moja. Mkono wa mtu mzima unafanya kazi vizuri hadi sm 75 hivi, na treni ina tabia ya kuanguka pale pale usipofika. Weka magurudumu kwenye miguu, au acha njia ya kupita nyuma.

Mchoro wa njia

Njia kuu ni duara refu lenye kona za nusukipenyo sm 50.5. Inabaki sm 11 hivi kutoka katikati ya njia hadi ukingo, na upande wa mbele na wa nyuma unapata mnyoofu wa kama mita 1.2. Mzunguko mzima ni karibu mita 5.6. Kona ichore kwa kijiti chenye msumari upande mmoja na tundu la penseli sm 50.5 kutoka kwenye msumari. Kamba inavutika, kijiti hakivutiki.

Mbele, upande wa ndani, weka njia ya kupishania, kitovu chake kikiwa mm 51 kutoka kitovu cha njia kuu. Umbali huo unatosha kwenye mnyoofu tu. Kwenye kona kali kama hizi mabehewa yatagusana, ndiyo maana reli za seti za watoto huacha mm 67. Ukitumia pointi fupi zenye nusukipenyo cha mm 610 na urefu wa mm 185, kama zile fupi za kampuni ya Peco, utapata sm 60 hivi za kusimamishia treni: kichwa cha sm 17 na mabehewa matatu ya mizigo ya sm 13. Kutoka njia ya kupishania toa njia ya tatu kuelekea ndani, na kutoka njia ya tatu toa ya nne. Hizo mbili zisizo na tokeo ndizo uwanja wako wa kupanga mabehewa.

Hesabu mikono ya pointi kabla ya kulipa. Mchoro huu unataka pointi tatu za mkono mmoja na moja ya mkono wa pili. Wanaonunua mbili kwa mbili hurudi dukani.

Na daraja? Wengi hutaka njia ipande ipite juu ya nyingine. Reli ya juu inahitaji kuwa kama mm 75 juu ya ile ya chini, na mpando usizidi asilimia 3. Hiyo ni mita 2.5 za kupanda na 2.5 nyingine za kushuka, ukiacha sehemu za kulainisha mwanzo na mwisho. Mzunguko wako wote ni mita 5.6. Daraja lingoje ubao wa pili.

Kutandika reli

Mahitaji: reli za kupinda za sm 91.4 vipande kumi, pointi nne, fishipleti za chuma pakiti mbili za 24, na fishipleti za plastiki pakiti moja ya 12. Reli iwe ya aleji ya shaba, nikeli na zinki. Kwa Kiingereza wanaiita fedha ya nikeli ingawa haina chembe ya fedha. Ukinunua za mitumba nenda na sumaku. Reli inayonaswa ni ya chuma, na kwa hewa ya pwani itashika kutu hata kabla hujamaliza mandhari. Namba "100" au "75" kwenye paketi ni kimo cha reli kwa elfu za inchi, mm 2.54 na mm 1.9. Chukua 100. Haipendezi sana kwa jicho, lakini magurudumu ya zamani yenye ukingo mrefu hupita bila kugonga mataruma.

Chini ya reli weka kitu laini cha mm 3 ili ubao usigeuke ngoma. Wazungu hutumia gome lile la kutengenezea vizibo vya chupa. Sponji ngumu ya EVA wanayotumia mafundi viatu inafanya kazi ile ile kwa bei ndogo. Ikate vipande vya upana wa sm 4, uigandishe kwa gundi nyeupe.

Anza na pointi. Zina umbo lisilobadilika. Reli za kupinda ndizo zitakazozifuata. Kwenye kona kuna ujanja usiopaswa kurukwa: unga vipande viwili vya reli vikiwa bado vimenyooka, lehemu fishipleti zake, ndipo upinde vyote kama kipande kimoja. Ukiunga baada ya kupinda, maungio yanatoka na kona ndogo kali, na behewa litaanguka hapo kila mzunguko. Ukipinda, reli ya ndani itachomoza kupita ya nje. Ikate kwa koleo la kukatia reli au diski, kisha tupa ncha pande zote mpaka ukucha usikwame.

Kwenye mnyoofu usilehemu. Acha mwanya wa unene wa kadi ya vocha. Metali yenyewe inatanuka kidogo tu, kama robo milimita kwa kila mita joto likipanda nyuzi 15. Anayecheza zaidi ni ubao, ambao hutanuka masika na kunywea kiangazi. Reli zilizobanana bila mwanya hunyanyuka katikati.

Pini ya reli isigongwe mpaka mwisho. Ikizama sana inavuta taruma chini katikati, reli zinakaribiana, na gurudumu linapanda. Ukimaliza, sukuma behewa zito kwa kidole mzunguko mzima huku jicho likiwa usawa wa reli. Linaporuka, rekebisha sasa. Waya hauponyi reli iliyopinda.

Umeme: shina na matawi

Kwa uendeshaji wa zamani, umeme wa DC usiozidi volti 12 hupandishwa na kushushwa kwenye reli yenyewe, na kila kichwa kilicho juu ya reli hutembea pamoja na wenzake. Kutenganisha treni mbili kunadai kukata njia vipande na kufunga swichi nyingi. Kwa DCC reli ina umeme kamili muda wote, kama volti 14 hivi, ukibeba amri ndani yake. Kila kichwa kina dekoda yenye namba yake, kinaitikia kikiitwa chenyewe. Mfumo huu ulitoka kwa kampuni ya Lenz ya Ujerumani, na chama cha Marekani cha NMRA kikaufanya kiwango cha wote, ndiyo maana dekoda ya kampuni moja inasikia kituo cha nyingine. Dekoda mpya hutoka kiwandani na namba 3. Kibadilishe kila kichwa namba mara tu ukitoe kwenye boksi, tena kikiwa peke yake kwenye reli ya kuprogramu (kipande kilichotengwa cha kuandikia namba), la sivyo vyote vitaitika.

Kituo cha amri, kile kinachotuma amri relini, unaweza kununua kamili, au ukaunda mwenyewe kwa programu huria ya DCC-EX juu ya Arduino Mega (bodi ya kompyuta ndogo) na bodi ya kuendeshea mota. Wanafunzi wa elektroniki wanavijua vifaa hivi, na maduka ya Luthuli Avenue Nairobi au ya Kariakoo hayavikosi. Bodi ya mota ya asili ya Arduino hupoteza kama volti 2, hivyo ilishwe volti 14 ili reli ipate 12. Kabla ya hapo lazima ukate njia ya shaba ya VIN (ya kuingizia umeme) nyuma ya bodi hiyo, vinginevyo volti 14 zinapanda hadi Arduino. Ampea moja na nusu zinatosha vichwa vitatu vidogo.

Sasa kiini cha kazi. Reli ibebe treni, waya ubebe umeme. Aleji ya reli inazuia umeme zaidi ya mara 15 kuliko shaba, na fishipleti ni kibati kilichobana tu, kinachoota utando ndani. Ukiunganisha nyaya mbili mahali pamoja ukategemea reli zifikishe umeme upande wa pili, treni itakimbia mbele na kutambaa nyuma. Baada ya miezi michache itasimama.

Shina ni nyaya mbili za mm² 2.5, nyekundu na nyeusi, zile zile za kufungia soketi za nyumba. Kituo cha amri kikae mbele katikati, shina litoke pande mbili, kulia na kushoto, likifuata njia kuu kwa chini. Kila mkono una mita 3 hivi. Ncha za nyuma ziache wazi, usizikutanishe kufanya duara. Hesabu yake hii hapa: waya wa 2.5 una omu 0.0074 kwa mita. Kwenda na kurudi mita 6 ni 0.044, na kwa ampea 3 unapoteza volti 0.13. Waya wa mm² 0.5 kwa umbali huo huo unapoteza 0.67. Utasema si nyingi, lakini hofu kubwa ni shoti. Ukinzani wa waya mwembamba ukijumlishwa na wa reli, kituo kinaweza kuiona shoti kama mzigo wa kawaida kisikate, na ampea zote zikapita kwenye gurudumu moja hadi plastiki iyeyuke.

Tawi ni kawaya kafupi kanakotoka kwenye reli hadi shina. Kebo ya mtandao, ile ya intaneti yenye nyaya nane ndani, inatoa matawi mazuri: shaba ya waya mmoja, unene nusu milimita. Kwangua kwanza kwa wembe. Ikiwa ndani ni nyeupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Inakatika ukiikunja mara mbili na risasi haishiki vizuri. Tawi lisizidi sm 20. Kila kipande cha reli kiwe na tawi lake, hata kama jirani yake analo. Kwa ubao huu utapata jozi 14 au zaidi kidogo. Amua sasa rangi moja ni ya reli ya nje ya duara na nyingine ya ndani. Andika ukutani ikibidi, na usibadilike ukifika nyuma ya ubao ambako kushoto na kulia hupinduka.

Kulehemu tawi

Pasi ya wati 40, risasi ya 60/40 yenye roziini (dawa ya kushikisha risasi) ndani, na roziini ya ziada. Ile dawa ya asidi ya mafundi bomba isikaribie. Inakula waya polepole na tawi linadondoka mwaka unaofuata. Toboa tundu la mm 2 kando ya reli, upande wa nje. Kwangua ubavu wa reli kwa ncha ya tupa mpaka ung'ae, paka roziini, yeyusha tone dogo la risasi juu yake. Paka risasi pia ncha ya waya na uikunje kama herufi L. Weka pamba iliyolowa juu ya reli pande zote mbili za mahali pa kazi ili joto lisifike kwenye mataruma. Bana waya kwenye reli, gusa kwa pasi sekunde mbili au tatu, ondoa pasi, na usitikise mpaka risasi ipoteze mng'ao wake wa kimiminika. Ikichukua sekunde kumi, pasi ni dhaifu au ncha yake imechafuka, na mataruma yatayeyuka kabla risasi haijashika. Tone lisivuke kwenda juu ya reli wala upande wa ndani, kwa kuwa gurudumu lina ukingo unaopita hapo.

Chini, menya shina sm 1 bila kulikata, zungusha tawi mara tatu, lehemu, funga kwa utepe wa umeme. Kisha chukua mita ya kupimia umeme, iweke kwenye mlio, gusa nyekundu na nyeusi. Isilie. Fanya hivyo baada ya kila jozi. Anayelehemu zote ndipo apime, akikuta inalia ana maungio 28 ya kutafuta mwongo ni yupi. Fungua madirisha ukilehemu, na nawa mikono kabla ya kula, maana risasi ni sumu.

Moyo wa pointi

Pale reli mbili za pointi zinapokutana kwa umbo la V tupaite moyo. Hapo nyekundu na nyeusi zinatazamana, na hapo vichwa vifupi hufa. Kuna pointi za moyo wa plastiki, ambazo hazihitaji waya lakini kichwa kifupi kinaweza kupoteza umeme juu yake. Chagua za moyo wa chuma. Kama moyo haukutengwa kiwandani, reli mbili zinazotoka kwenye V lazima ziungwe kwa fishipleti za plastiki, nane kwa pointi nne. Ukisahau moja tu, ukigeuza pointi unapata shoti bila hata treni kupita. Kama umetengwa kiwandani, plastiki si lazima. Kwa aina zote mbili moyo unataka waya wake unaobadili upande pamoja na ndimi, zile reli mbili za pointi zinazosogea.

Mota za sumaku za kugeuzia pointi zipo, lakini zinadai kapasita kubwa za kuzipiga teke, na kitufe kikikwama koili inaungua. Kwa ubao ambao pointi ziko sm 11 hadi 26 kutoka ukingo, kuna njia ya mkono isiyoharibika: swichi ya kutelezesha yenye miguu sita. Ifunge ukingoni mwa ubao. Toboa kidole chake tundu la mm 2, pitisha spoku ya baiskeli ndani ya mfereji uliochongwa kwenye sponji hadi kwenye pau inayosogeza ndimi. Spoku haiingii kwenye tundu la pau, kwa hiyo ifunge nchani kwa waya na gundi ya epoksi kipande cha klipu ya karatasi iliyonyooshwa. Kwenye hiyo klipu pinda kijimbo cha umbo la V. Swichi husafiri zaidi ya mahitaji ya ndimi, na V ndiyo inayomeza ziada. Bila V utang'oa pau. Springi ndogo ya pointi yenyewe iondoe, maana swichi sasa ndiyo inayoshika.

Miguu sita ya swichi ni safu mbili za mitatu; tumia safu moja. Mguu wa kati unakwenda kwenye moyo, wa kushoto kwenye shina jekundu, wa kulia kwenye jeusi. Treni ikivuka ukapata shoti kwa kila mwelekeo, umevigeuza: badilisha kushoto na kulia, kazi imeisha.

Jaribio la sarafu

Washa kituo bila kichwa chochote relini. Chukua sarafu ya chuma, ilaze juu ya reli mbili. Kituo kikate mara moja. Rudia kila sm 30, kwenye njia zote, hadi mwisho wa njia zisizo na tokeo. Mahali ambapo hakikati, au kinasita, tawi lake halijashika. Usiendelee na kokoto wala mandhari mpaka kituo kikate kila mahali unapoweka sarafu.

Jambo moja kwa watakaoongeza njia baadaye: ukichora njia inayomgeuza treni arudi alikotoka, kama kitanzi au pembetatu, reli ya kulia inakwenda kukutana na ya kushoto na hiyo ni shoti ya kudumu. Kitanzi hicho kitengwe kwa fishipleti za plastiki ncha zote mbili, kiwe kirefu kuliko treni yako ndefu kabisa, na kilishwe na kifaa cha kugeuza umeme chenyewe. Duara letu halina tatizo hili.

Kokoto

Mchanga wa baharini hapana. Una chumvi inayonyonya unyevu na kula reli. Mchanga wa mto ulioshwa na kuchekechwa kwa chujio la chai unafaa, ila kwanza upitishie sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Utashangaa chembe nyeusi zinazonata. Hizo ndizo zinazonaswa na mota ya kichwa na kusaga gia. Tandaza mchanga kavu kwa brashi laini kati ya mataruma, usipande juu yake. Lowesha kwa kinyunyizi maji yenye tone la sabuni ya maji, kisha dondosha gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Bila sabuni, gundi inajikunja kuwa matone juu ya mchanga na kuuvuruga.

Karibu na ndimi za pointi weka mchanga haba sana, paka tone la mafuta mepesi kwenye visahani ndimi zinapoteleza, na wakati gundi inakauka rudi kila nusu saa kuzicheza. Pointi iliyogandishwa na gundi hung'olewa, haifufuki. Kwa majani, makumbi ya nazi yaliyokatwa mafupi ni nyasi kavu ya Tsavo au ya Dodoma bila hata kupakwa rangi.

Ikigoma

Treni ikipunguza mwendo mahali pale pale kila mzunguko, tawi la hapo limelegea au halipo. Pima volti kwenye reli hapo kichwa kikiwa kinatembea, ulinganishe na mbele. Ikisita huku na kule bila mpangilio, ni uchafu. Futa reli kwa kitambaa na spiriti ya asilimia 90, na usisahau magurudumu, yanayobeba utando mweusi na kuupaka upya reli uliyoisafisha jana. Msasa weka mbali. Unaacha mikwaruzo, na mikwaruzo ndiyo nyumba ya uchafu.

Behewa moja likianguka ambapo mengine yanapita, lipime lenyewe: nafasi kati ya migongo ya magurudumu yake iwe karibu mm 14.4. Yakiwa yamekaribiana mno yanapanda moyo wa pointi. Vuta gurudumu kwenye ekseli kwa kulizungusha huku ukipima. Mabehewa yote yakianguka pale pale, kosa ni la reli, karibu kila mara kwenye ungio ambalo fishipleti imepanda juu ya reli badala ya kuivaa chini. Ukucha utaisikia kabla ya jicho.

Na umeme wa nyumba ukikatika, chomoa kituo. Unaporudi huja na kishindo. Kile kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, kinalinda kituo cha amri vile vile.